Nina mimba, matroni anataka nihame dakhalia na mitihani iko mbele yangu

BARUA

Assalaam aleikum mshauri, natumai u mzima. Naomba jina langu usilitoe maana Unguja kudogo na Pemba ndo kabisa, mtu akisoma mistari miwili tu anajua ni mtoto wa nani.

Mi nna miaka 22, kwetu Wete, nasoma ualimu mwaka wa pili hapa Unguja na nakaa dakhalia ya chuo. Niliolewa mwaka jana wakati wa likizo, ndoa ya heshima sio ya mkeka, bwana wangu kwao Mkokotoni na anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja huko Kiwengwa, ofu anapata mara moja kwa wiki na saa nyengine hata hiyo inakatwa wageni wakiwa wengi. Tulikubaliana nimalize chuo kwanza ndo tufikirie watoto. Lakini Mungu ana mipango yake, sa hivi nna mimba ya miezi mitano.

Mwanzo hakujua mtu, buibui linaficha mengi. Lakini siku moja alfajiri matroni akanikuta natapika kwenye karo la kufulia, siku ile hakusema kitu, baadae akaniita chumbani kwake akanambia mwanangu mi sina ubaya na wewe ila hapa mtu akishaonekana tumbo hakai, na mtoto mchanga ndo kabisa haingii getini, kwa hiyo jipange. Nikamuuliza nijipange mpaka lini, akanambia utaona mwenyewe. Basi toka hapo kila nikipita mbele ya chumba chake nabana tumbo. Nilikuwa nalala kitanda cha juu, mwenzangu wa chini Mungu amlipe kanipisha bila hata kumwambia sababu, nadhani kafahamu.

Kuna na mwalimu mmoja, niliingia nimechelewa kipindi cha asubuhi kwa sababu ya kutapika, akasema mbele ya darasa zima kwamba wake za watu wangekaa kwa waume zao wakawaachia nafasi wanaotaka kusoma. Watu wakacheka. Sa hivi nakaa nyuma kabisa na siulizi suali hata kama sijafahamu kitu.

Kliniki wamenambia nitajifungua mwanzoni mwa mwezi wa saba. Mitihani inaanza mwezi huo huo, wiki ya pili. Na tukimaliza mitihani tu tunatawanywa maskuli kwenda kufundisha kwa vitendo, yani hakuna hata pa kuvuta pumzi.

Mama mkwe anasema chuo hakikimbii, njoo ukae Mkokotoni ujifungue, mwaka ujao utaendelea. Mama yangu anasema arubaini ikisha mwachie yeye mtoto Wete mi nirudi kusoma, kalea sita hashindwi na wa saba. Bwana wangu nikimuuliza ananambia mi nakusikiliza wewe, basi, hapo ndo mwisho wa mazungumzo. Na kaka yangu alioko Muscat ambae ndie anaenilipia ile ada isiyofikiwa na mkopo hajui chochote, kila akipiga simu ananambia soma mdogo wangu usiniangushe, na mi nasema inshallah kaka huku machozi yananitoka.

Kinachonitisha zaidi, mwaka jana darasani kwetu kulikuwa na mmoja alibeba mimba, akaondoka kimya kimya kwenda kujifungua akijua atarudi. Aliporudi jina lake halimo. Kila ikipitishwa karatasi ya mahudhurio namkumbuka.

Nahisi nikishika chuo namdhulumu mtoto, nikimshika mtoto namdhulumu kaka. Saa nyengine nawaza nifiche tu chini ya buibui mpaka mitihani iishe, liwalo na liwe. Nishauri mwenzio, nifanyeje?

Mwenye mawazo, Unguja


MAJIBU

Waaleikum salaam mwanangu, na hongera. Nimeanza na hongera kusudi, maana nimesoma barua yako yote nikimtafuta mtu hata mmoja alokwambia neno hilo sikumuona. Una mume, una mimba, unasoma, na unapita mbele ya chumba cha matroni umebana tumbo kama mtu aloiba. Hukuiba kitu cha mtu.

Kama nimekufahamu, uzazi na mitihani vimeangukia mwezi mmoja, pa kukaa huna uhakika napo, na watu wako kila mmoja kakamata upande wake, mkwe anataka upumzike mwaka, mama anataka umpe mtoto, bwana kanyamaza na kaka hajui. Halafu juu ya yote hayo umejibebesha suali la chuo au mtoto. Hilo suali mi nina shaka nalo. Nimerudi kwenye barua kutafuta nani kakwambia uache kusoma, ukimtoa yule mwalimu na maneno yake yasiyofaa, sikuona mtu. Mkwe kasema chuo hakikimbii. Matroni kazungumzia dakhalia. Mama anataka urudi darasani haraka kuliko hata wewe. Wanachovutana watu wako ni lini, wapi, na nani ashike mtoto saa ngapi, na hayo yanazungumzika.

Tuanze na matroni. Kuhama dakhalia ni jambo moja na kutoka chuoni ni jambo jengine, na naona kwenye mawazo yako yamegandana. Vyuo vingi kweli vina masharti ya dakhalia kuhusu wajawazito na watoto, na sababu nyengine zina maana, kitanda cha juu, ngazi, usiku wa manane uchungu ukishika na hakuna gari. Lakini "utaona mwenyewe" sio kanuni. Nenda kwa mlezi wa wanafunzi, uombe kuoneshwa masharti yalivyoandikwa, mwezi gani unatakiwa uhame na kama kuna chumba cha chini unaweza kupewa mpaka hapo. Inawezekana ikawa ni kama alivosema matroni. Inawezekana pia ikawa ni mazoea tu yaliyorithiwa. Na usimuone matroni adui, mtu alokuita chumbani kwake badala ya kukusema uwani ana huruma yake, huenda na yeye anaogopa kuulizwa siku ukipata tatizo mikononi mwake.

Sasa yule mwenzako ambae jina lake halikuwemo. Mi sijui kisa chake chote, ila umesema aliondoka bila kumwambia mtu, na hapo ndo nataka ukae sana. Chuo hakijui kama umejifungua, kinajua tu kwamba hukuonekana kwenye mitihani. Asieonekana bila ruhusa anahesabiwa katoroka. Mwenye ruhusa mkononi, vyuo vingi vinampangia mtihani maalum baadae na anahesabiwa kama anaufanya kwa mara ya kwanza, tofauti na sapu, yani mtihani wa kurudia alofeli, ambayo hata ukifaulu vipi alama yake inawekewa ukomo. Kwa hiyo lolote utakaloamua, kufanya mitihani, kuahirisha semista, kuahirisha mwaka, liwe na barua na cheti cha daktari na lipelekwe mapema, sio wakati umeshalazwa wodi ya wazazi. Hapa nakuomba sana mwanangu, wazo la kujificha chini ya buibui mpaka mwezi wa saba liangalie tena. Buibui linawaficha watu tumbo lako, lakini linaificha na haki yako ya kuomba.

Na kuna hatari nyengine ya kujificha ambayo haihusu chuo. Presha ya mimba haipigi hodi. Kichwa kikikuuma sana na hakiachi, macho yakawa yanaona ukungu, uso na mikono ikivimba, damu ikatoka hata kidogo, au mtoto akapunguza kucheza, hiyo ni safari ya spitali saa hiyo hiyo hata kama kesho una mtihani. Mtu wa kukuona usiku ni yule mwenzako alokupisha kitanda, mwambie waziwazi, muoneshe kadi yako ya kliniki inakaa wapi na namba ya bwana wako. Kliniki nayo usiruke, Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonwe si chini ya mara 8 katika mimba moja, usiniambie ratiba ya vipindi inabana.

Tukija kwenye kuamua, tarehe ulopewa ni makisio tu. Mtoto akija wiki ya 37 au ya 41 yote ni kawaida, maana yake anaweza akaja kabla ya mitihani, katikati, au mukamaliza mitihani wote wawili yeye bado yumo ndani. Ukisema nitafanya yote, usije ukaiwekea roho tarehe moja. Waulize wahusika mapema, nikijifungua baada ya karatasi mbili, zile zilobakia inakuwaje, na zile nilofanya zinahesabiwa? Jibu la suali hilo linaweza kukuonesha njia kuliko ushauri wangu. Uliza pia kuhusu kiti. Utaniona nazungumza kitu kidogo, lakini vile viti vyenye kimeza cha kubandika ubavuni mwenye mimba ya miezi tisa haingii, na masaa matatu ya mtihani umekaa upande mgongo wote unakufa. Meza ya kawaida karibu na mlango na ruhusa ya kwenda choo, chuo hakigharimiki hata shilingi, ila lazima mtu aombe.

Kuahirisha nako kuna uzuri wake, unajifungua roho imetulia, unanyonyesha, unarudi una nguvu. Ila uulize somo ulilokosa linafundishwa lini tena, maana mengi yanakuja mara moja kwa mwaka, ukiahirisha semista unaweza kujikuta umeahirisha mwaka mzima bila kukusudia. Kwenye mkopo, chuo ndicho kinachopeleka taarifa bodi ya mikopo kwamba umesimama kwa ruhusa, fuatilia ipelekwe kweli, na bumu, ile pesa ya kujikimu, la muda ambao husomi usiliguse. Hatari kubwa naiona nyumbani. Mwaka ukizoeleka uko Mkokotoni unapika, unafua, unamsaidia mkwe, siku ya kurudi inakuwa ni kama unawavunjia nyumba. Kabla hujaahirisha utaje mwezi wa kurudi, mbele ya bwana na mkwe wako wote. Na jengine nitalisema ingawa ni la ndani, mimba ya pili. Wengi wanategemea kunyonyesha peke yake, na inakinga kweli, lakini kwa masharti, mtoto hajafika miezi sita, ananyonya tu mchana na usiku bila kupewa kitu chengine, na siku zako hazijarudi. Moja likivunjika kinga imekwenda. Mukizungumza na muuguzi wewe na bwana wako baada ya kujifungua hamtakuwa mumefanya jambo baya.

Rai ya mama yako imenigusa, mwanamke alolea sita anasema lete wa saba. Lakini tuitazame kwa macho ya mtoto na ya kifua chako. Miezi sita ya mwanzo anatakiwa maziwa ya mama peke yake. Ukimuacha Wete wewe uko Unguja na bahari katikati, maziwa yatakujaa darasani nguo ziloe, kifua kiume mpaka homa, halafu taratibu yatakauka, na huko atakuwa anapewa maziwa ya kopo ambayo ni ghali na yanataka maji yaliyochemshwa kila mara. Wapo waliolelewa hivo wakakua wazima, sikwambii haiwezekani. Nakwambia ujue bei yake kabla ya kukubali. Kuna na njia ya kugeuza safari, badala ya mtoto kwenda kwa bibi, bibi au mdogo wako akaja kwa mtoto, mukakodi chumba karibu na chuo kwa miezi michache, unatoka kipindi unanyonyesha unarudi. Maziwa ya kukamua yanakaa kama masaa 4 nje kama joto halizidi digrii 25, na joto letu unalijua, ndani ya friji yanafika mpaka siku 4. Hapo ndo pesa inaingia, kodi ya chumba, nauli, chakula cha mtu wa ziada, na hiyo hesabu siwezi kukupigia mimi.

Halafu kufundisha kwa vitendo. Umeliona kama mzigo wa tatu na mi naliona linaweza kuwa mlango. Watu wanapangiwa maskuli Unguja na Pemba, waulize idara kama unaweza kupangiwa skuli ya Wete na kuanza baada ya wenzako, arubaini ikisha. Mama yuko pale pale, mtoto pale pale, bahari haipo katikati. Wakikukatalia hujapoteza kitu. Ukikubaliwa, angalia tu safari ya kuvuka, mwezi wa saba na wa nane ni kusi na bahari inachafuka, mzazi na mtoto mchanga wasivuke peke yao.

Bwana wako sasa. "Mi nakusikiliza wewe" inaweza kuwa heshima, na inaweza kuwa ni kukwepa, wewe ndie unaemjua. Ila uamuzi wa mtoto wa watu wawili ukibaki kwa mmoja, likiharibika lolote lawama zote zitakuwa zako. Sura ya Al-Baqara aya ya 233 inazungumzia kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anaetaka kutimiza, na hapo hapo inamuwekea baba chakula na mavazi ya mama, na hata kumuachisha mtoto ziwa inataka waridhiane na washauriane wote wawili. Basi mpe mambo ya kushauriana, sio "unasemaje" kwa jumla. Mwambie mwezi wa saba hoteli zinajaa, wewe utapata ruhusa? Umeshamwambia bosi wako? Kodi ya chumba tunaiweza miezi mingapi? Nani atazungumza na mama yako? Hilo la mwisho ni lake, usilibebe wewe.

Na mkwe usimhukumu mapema. Huenda anaogopa utajifungua halafu umuachie mtoto, au anaogopa mjukuu wa kwanza kulelewa Pemba yeye amuone kwenye picha tu. Muulize anachoogopa. Jibu lake linaweza likakushangaza.

Kaka mwambie. Mwambie wewe mwenyewe kwa sauti yako, kabla hajaiona habari kwenye grupu la familia. Atakasirika siku mbili tatu pengine, lakini alosema usiniangushe anataka umalize, na ukimpa habari pamoja na mpango itamfikia vyengine kuliko ukimpa habari pamoja na kilio.

Yule mwalimu kanikera, nasema kweli. Msichana wa skuli tu, mwenye miaka kumi na kitu, Sera ya Elimu ya Zanzibar tangu 2006 imesema arudi kusoma baada ya kujifungua, na Tanzania Bara wakatangaza ruhusa ya kurudi Novemba 2021. Mfanyakazi wa Zanzibar ana Sheria ya Ajira ya 2005 inayompa siku 90 za uzazi na 100 akizaa pacha. Mwanafunzi wa chuo yuko katikati, si mtoto wa skuli wala si mfanyakazi, na matokeo yake anabaki kutegemea moyo wa alieko ofisini siku hiyo. Chumba kimoja chenye pazia na kiti, friji ndogo, na ratiba ya mitihani maalum inayojulikana na kila mtu, vyuo vyetu vinaliweza hilo na sijui tunasubiri nini. Kama chuo chenu kina dawati la jinsia unaweza kupeleka neno lile alokwambia mwalimu, na kama huna nguvu hizo sa hivi usilipeleke, hulazimiki kupigana kila vita na mimba tumboni. Ila rudi viti vya mbele mwanangu, uulize masuali yako.

Sikwambii ufanye lipi. Ukiwa na bwana mwenye kushika jambo na chumba karibu, kufanya mitihani sio ndoto. Ukiwa presha inapanda au huna wa kukusaidia, mwaka mmoja wa ruhusa sio kushindwa. Huo ujuzi uko kwako na kwa nesi wa kliniki kuliko kwangu.

Barua ya kupeleka idara ukitaka niandikie rasimu tuitengeneze pamoja. Weka namba yako ya usajili, tarehe ulopewa kliniki, unachoomba kimoja kimoja, mtihani maalum kama ukijifungua katikati, meza, skuli ya Wete. Toa nakala mbili, wagongee muhuri wa kupokea kwenye moja na hiyo ubaki nayo wewe.